Kanga na kofia za kampeni za zamani: usichome, chambua kwanza

Mkuu, umesema mama yenu ameacha sanduku la kanga, kofia na fulana za kampeni, na ndugu wanataka lichomwe. Nakuomba usikubali. Mimi niko Isevya, Tabora, nami nilirithi la shangazi.

Anza na alama, ndizo zinazotaja umri. Karatasi yenye jembe na nyumba usiichanganye na jembe na nyundo ya CCM. Jembe na nyumba walipewa wagombea ubunge wawili wa jimbo kuanzia uchaguzi wa 1965, enzi za chama kimoja, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Shangazi hakuwahi kumtaja mbunge wake kwa jina, alimwita "yule wa nyumba" hadi anakufa. Kadi ya TANU ni ya kabla ya Februari 5, 1977, siku TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana kuwa CCM. Fulana za upinzani, hesabu kuanzia 1992 vyama vingi viliporudi, na nyingi utakuta ni za 1995.

Kanga ndiyo usiiguse kwa pupa. Ya shangazi ina sura ya mgombea katikati ya mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, tundu la cheche karibu na pindo, na kwenye jina, yale maandishi ya kanga, herufi tatu za mwisho zimefutika, maana hapo ndipo alipokuwa akipiga fundo akibeba wajukuu. Wanunuzi wanataka ambazo hazijavaliwa. Kwangu hii iliyochakaa ndiyo kanga hasa.

Usiifue kwa jiki. Ianike kivulini, ikunje na majani makavu ya mwarobaini, na kila miezi michache badilisha mikunjo isije ikakatikia hapo.

Kadi usizipeleke kupigwa lamination! Ya babu ilikuwa na muhuri wa Tabora, mji huuhuu ambako Januari 1958 Nyerere aliwashawishi wajumbe wa TANU waingie uchaguzi wa kura tatu, wa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Duka moja liliipitisha kwenye moto, wino ukasambaa, muhuri sasa ni doa la zambarau. Niliumia sana.

Halafu leo hii mpigie mama mdogo wako. Akwambie nani alivaa nini, mkutano wa wapi, uandike kwa penseli uweke humo sandukuni. Mimi nina kofia ya njano ya shangazi, sikumuuliza alipewa wapi.