Muulize Daktari: Je, kufunga kula kunaua saratani?

Katika toleo lililopita niligusia otofajia, ile kazi ya seli kuvunjavunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Aya mbili tu, tena pembeni mwa ukurasa, lakini barua zilizokuja zimenishinda. Nimechagua nne. Kwa msiyenijua, mimi ni mwanapatholojia: nasoma vipande vya nyama ya mwili chini ya hadubini na kusema kama kuna saratani au hakuna. Wagonjwa wenyewe siwaoni sana, naona seli zao. Majibu yangu huelemea huko, mnivumilie.

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana saratani ya titi na karibu anaanza kemotherapi. Kaka yangu amesoma kwamba ukikaa siku 3 bila kula, seli za mwili zinaanza kuila saratani. Amemshawishi mama aanze kufunga. Mama ameshapungua, nguo zinamvuka. Naogopa, ila sina hoja ya kumjibu kaka. — Binti anayeuguza

Marahaba mwanangu. Tuanze na mama, kaka atasubiri.

Mama asifunge mpaka daktari wake wa saratani aseme. Mgonjwa ambaye nguo zimeanza kumvuka tayari anapoteza misuli, na saratani yenyewe inachangia kuiyeyusha. Mtu wa namna hiyo dawa humlemea: dozi hupunguzwa, mizunguko huahirishwa, na maambukizi humpata kirahisi. Mpime uzito kila wiki, uandike, na umwonyeshe daktari karatasi hiyo kabla ya dozi ya kwanza. Usisubiri aulize. Madaktari wenzangu husahau kuuliza habari za chakula kuliko tunavyopenda kukiri.

Sasa kaka. Hakulitunga jambo hili. Seli ikikosa chakula, otofajia hupanda kweli. Ndani ya seli kuna protini iitwayo mTOR ambayo huhisi kama asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, zipo za kutosha. Zikiwepo, huizuia otofajia. Zikipungua, kizuizi huondoka. Hapo utando mwembamba huanza kukua ndani ya seli, ukazunguka mitokondria (kinu cha nishati cha seli) iliyoharibika au donge la protini zilizokunjika vibaya, ukajifunga na kuwa kifuko chenye kuta 2. Kifuko hicho huungana na lisosomu, yenye vimeng'enya vya kuvunja kila kilichomo, na malighafi hurudi kwenye matumizi.

Ila kaka amekosea mahali pamoja, napo ndipo penye hatari. Anadhani seli zenye afya huondoka zikaenda kuishambulia saratani. Haziendi popote. Kila seli hujila yenyewe, ndani ya mipaka yake. Seli ya titi yenye afya hula mabaki yake, na seli ya saratani iliyo jirani nayo hula mabaki yake. Maana yake, otofajia inaweza kuwa ndiyo inayoivusha ile seli ya saratani kwenye njaa ambayo kaka anataka iiue.

Wapo watafiti wanaojaribu kupunguza chakula karibu na siku za kemotherapi, na sitaki uambiwe hawapo. Huko Uholanzi walifanya jaribio la wanawake 131 wenye saratani ya titi, matokeo yakachapishwa 2020. Hawakukaa na maji matupu. Walipewa mlo maalumu wa nguvu kidogo kwa siku 3 kabla ya dawa na siku ya dawa yenyewe, wakifuatiliwa na madaktari, na waliokuwa wamekonda hawakuingizwa. Uvimbe ulionekana kuitikia dawa vizuri zaidi kwa waliokuwa kwenye kundi la mlo huo, lakini madhara ya dawa hayakupungua, na waliomudu kuufuata mpaka mwisho walikuwa wachache. Hilo ni jambo la kuendelea kuchunguzwa hospitalini, na mama yako, kwa maelezo uliyonipa, asingepokelewa hata mlangoni.

Usimwambie kaka kwamba ni mjinga. Mwombe ampeleke mama kliniki yeye mwenyewe na aulize swali lake mbele ya daktari. Mtu mwenye hofu hutafuta kazi ya kufanya, na hiyo ni kazi nzuri.

Daktari, nasoma biolojia mwaka wa 2. Mhadhiri mmoja ametufundisha kwamba otofajia huzuia saratani. Mwingine anasema saratani haiwezi kuishi bila otofajia. Wote wawili wanatunga mtihani. Nimsikilize nani? — Mwanafunzi aliyechanganyikiwa

Wote wawili, ila kila mmoja kwa wakati wake. Ngoja nikupeleke taratibu, maana hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote.

Lisosomu ziligunduliwa na Christian de Duve, Mbelgiji, katika miaka ya 1950, na yeye ndiye aliyeipa otofajia jina mwaka 1963. Baada ya hapo mada ililala miaka mingi, kwa sababu vifuko vile huundwa na kuyeyuka haraka mno, huwezi kuvihesabu. Yoshinori Ohsumi wa Tokyo ndiye aliyepata ujanja. Mwaka 1988 alichukua hamira ambazo vimeng'enya vya kuvunja uchafu vilikuwa vimeondolewa, akazinyima chakula, akaangalia. Alichokuwa anatafuta ni kuona kinachoingia bila kumeng'enywa. Ndani ya nusu saa hivi vakuoli, ambayo ndiyo lisosomu ya hamira, zilianza kujaa vidude vya mviringo vinavyochezacheza bila kutulia. Hadubini ya kawaida ilitosha. Kila nikiwa na wanafunzi wanaolilia mashine za bei mbaya huwasimulia kisa hiki. Mwaka 1993 kundi lake lilitangaza hamira za aina 15 zilizoharibika kwenye kazi hiyo, na kutoka hapo jeni za otofajia zikaanza kupatikana moja baada ya nyingine. Nobeli ya 2016 alipewa peke yake.

Upande wa mhadhiri wa kwanza una jina la Beth Levine, Mmarekani. Mwaka 1999 kundi lake lilionyesha kwamba jeni ya Beclin 1, inayohitajika kuanzisha otofajia, ikirudishwa kwenye seli za saratani ya titi zilizopungukiwa nayo, seli hizo hupunguza kasi ya kukua. Mwaka 2003 panya waliobakishiwa nakala moja tu ya jeni hiyo badala ya 2 walionekana kuota saratani zaidi ya wenzao. Levine alifariki 2020, kwa saratani ya titi.

Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba binadamu wengi wenye saratani ya titi wamepoteza Beclin 1 na hiyo ndiyo sababu. Vitabu vya zamani vilisema hivyo. Jeni hiyo imekaa jirani kabisa na BRCA1, jeni ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya titi, kwenye kromosomu ya 17, na uchambuzi wa 2014 ulionyesha kwamba kinachopotea kwa faida ya saratani ni BRCA1. Beclin 1 huondoka kwa kuwa jirani tu. Mwanafunzi anayelijua hili humfurahisha msahihishaji, au humuudhi, kutegemea alisoma lini.

Kwa nini seli isiyojila ielekee kwenye saratani? Mitokondria mbovu hubaki na kutoa kemikali zinazodhuru DNA. Na protini iitwayo p62 hurundikana. Kazi ya p62 ni kushika takataka na kuzipeleka kwenye kifuko, ambako nayo huliwa pamoja na mzigo wake. Otofajia ikikwama, p62 haiondoki, na ikizidi huamsha njia za kujilinda ambazo seli inayoelekea kuharibika huzitumia vizuri sana. Hii naiona kwa macho yangu. Kwenye ini lililoharibiwa na pombe, na kwenye baadhi ya saratani za ini, ndani ya seli zilizovimba hukaa madonge ya rangi ya waridi, kingo zake hazina mpangilio, yamejisokota karibu na kiini. Ukipaka kingamwili inayonasa p62, yanageuka kahawia iliyokolea. Seli za jirani zilizo nzima hubaki karibu nyeupe.

Sasa shika jaribio moja, hili ndilo linalowapatanisha wahadhiri wako. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walitoa taarifa ya panya waliofutiwa jeni ya otofajia, Atg5, katika seli zilizotawanyika mwili mzima. Wakaota uvimbe mwingi kwenye ini. Hadi hapo mhadhiri wa kwanza anapiga makofi. Lakini uvimbe ule ulikuwa usio wa saratani, haukupiga hatua ya kuwa saratani kamili, na viungo vingine havikuota kitu. Yaani kukosa otofajia kulifungua mlango wa uvimbe kuanza, na uvimbe huohuo, kwa kukosa otofajia, ukashindwa kuendelea.

Kwa nini ushindwe? Uvimbe ukishakuwa mkubwa, seli za katikati hukaa mbali na mishipa ya damu. Oksijeni haba, chakula haba. Inayoweza kujila huishi. Mwaka huohuo wa 2011 ilionyeshwa kwamba saratani zinazosukumwa na jeni ya RAS, mfano mkubwa ukiwa ile ya kongosho, huendesha otofajia kwa kasi hata zikiwa zimeshiba, na ukiizima zinadhoofika.

Kwenye mtihani, basi, andika wakati na aina ya seli kabla ya kuandika "huzuia" au "husaidia". Mtu asiyetaja wakati hajajibu swali, na ikiwa ni mhadhiri, na yeye hajajibu.

Daktari, nina miaka 67, sina ugonjwa wowote. Kuna vidonge vinauzwa vya "kuamsha otofajia". Je, kuna kipimo cha damu cha kujua yangu iko kiwango gani kabla sijanunua? — Mzee mwangalifu

Shikamoo mzee wangu. Hakuna kipimo cha damu kinachotumika hospitalini kwa kazi hiyo. Hata maabara za utafiti hupata shida. Ukihesabu vifuko ndani ya seli ukavikuta vingi, huenda kazi inakwenda kasi, au huenda vimekwama kabla ya kufika kwenye lisosomu. Ni kama kukuta mifuko ya taka imejaa mlangoni: hujui kama wenye nyumba ni wasafi sana au gari la taka halijapita wiki nzima. Wanasayansi hulazimika kuzuia lisosomu kwa makusudi na kupima tofauti, jambo ambalo huwezi kumfanyia mtu kwa sababu tu anataka kununua vidonge.

Otofajia ya kawaida hupungua umri unavyokwenda, hilo kweli, na panya waliozimiwa kazi hii kwenye ubongo walipata uharibifu wa neva. Ndiyo maana wauzaji wana la kusema. Lakini muuzaji anayedai kidonge chake kimepandisha otofajia yako, na kipimo hakuna, amejuaje? Pesa hiyo ibaki mfukoni. Mazoezi huamsha otofajia kwenye misuli ya panya, hilo limeonyeshwa, na faida zake nyingine kwa mtu wa umri wako hazihitaji otofajia ili ziaminike.

Dr, kama saratani inategemea otofajia, na klorokwini inaizuia, kwa nini hospitali hazitoi klorokwini? Shemeji yangu ana saratani ya kongosho, na nimeshamtafutia vidonge. — Shemeji

Hoja yako imekaa sawa, na walioifikiria kabla yako wameijaribu. Klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini huingia kwenye lisosomu na kupunguza asidi yake, vimeng'enya vikashindwa kazi, vifuko vikakwama. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya jaribio la wagonjwa 112 wenye saratani ya kongosho iliyosambaa. Nusu walipata kemotherapi ya kawaida, nusu kemotherapi pamoja na haidroksiklorokwini. Waliopata nyongeza walionyesha kusinyaa kwa uvimbe zaidi, asilimia 38 dhidi ya 21. Lakini walioishi mwaka mzima hawakuongezeka. Kusinyaa kwa picha na kuishi ni vitu viwili, ingawa najua familia hushika kile cha kwanza.

Dozi waliyotumia ilikuwa miligramu 1,200 kwa siku, mara 3 au zaidi ya anayopewa mgonjwa wa lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), na moyo na macho yakiangaliwa. Dawa hizi huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa zikichanganywa na nyingine, na shemeji yako bila shaka anakunywa za kichefuchefu, ambazo baadhi yake hugusa moyo vilevile. Kama ameshameza hata kimoja, mwambieni daktari wake leo, kwa jina la dawa na idadi. Hatawagombeza, na akiwagombeza, mvumilieni. Muulizeni pia kama kuna jaribio la dawa lililo wazi kwa hali yake. Vidonge vilivyobaki vipelekwe duka la dawa wakaviharibu, visikae kabatini.