Unayeanza kazi ya roboti, soma URDF kabla ya msimbo

Karibu kila anayeingia kwenye programu za roboti hukimbilia Python au C++. Mimi nakushauri ukae kwanza na URDF. Ni lugha ya XML inayoieleza roboti kwa ROS, mfumo wa kuandikia programu za roboti: vipande vyake, uzito wake, viungo vinavyoviunganisha na mwisho wa kila kiungo kujipinda. Haina amri hata moja, ndiyo maana wengi huidharau. Lakini programu inayopanga mwendo wa mkono huamini kila kilichoandikwa humo.

Anza na vipimo. Pembe za viungo ni radiani. Ukitaka kiungo kiishie nyuzi 90, andika 1.57. Ukiandika 90, umekiruhusu kizunguke zaidi ya mara 14, na check_urdf, programu ya kukagua faili za URDF, itapitisha faili lako bila neno.

Kisha inersha, yaani ugumu wa kitu kuzungushwa, na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Fimbo nyembamba ya gramu 200 yenye urefu wa sentimita 10, ikizungushiwa katikati, ina inersha ya takriban 0.00017 kg·m². Mtu huweka 1 ili faili lipite tu. Amefanya fimbo iwe nzito kuzungusha mara 6,000 kuliko ilivyo! Kwenye Gazebo, programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, mkono unagoma, naye anashinda akisaka kosa kwenye msimbo ambao hauna tatizo. Piga hesabu, fomula ni fupi.

URDF nayo ina mpaka wake: kila kipande kina mzazi mmoja tu. Kishikio ambacho vyuma vyake vinafunga mzunguko hakielezeki humo; SDF, lugha nyingine ya kueleza roboti, inakiweza.

Maamuzi yana lugha zake pia. Nav2, programu ya ROS ya kuongoza roboti zinazotembea, hutumia miti ya tabia: kila tawi hujibu limefaulu, limeshindwa au bado linaendelea. Njia ikizibwa, mti hujaribu kusafisha ramani ya vizuizi, kuzunguka, kusubiri, kurudi nyuma. Unausoma na kuubadilisha bila kugusa C++, na kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu hata fundi wa mitambo anaweza kukaa nawe mkaujadili.

Kiwandani utakuta lugha ya KRL kwenye roboti za KUKA na RAPID kwenye za ABB. Usihangaike kukariri amri. Kwa kila nafasi unayoikuta, uliza imepimwa kutoka wapi: kitako cha roboti, meza ya kazi au ncha ya kifaa. Ukishajua hilo, ndipo ubonyeze kitufe cha kuiendesha, tena kwa mwendo wa chini.