Mkeo si mwoga, mwanangu

Msomaji wetu wa Dodoma, mwanamume wa miaka 43, ameniandikia kurasa nne. Anataka kununua bastola kubwa, magnum .44, ya kuwindia porini na kulengea shabaha mwisho wa wiki. Pesa anazo, shilingi milioni 6 za mavuno ya zabibu ya Hombolo. Mkewe amekataa katakata, ameita hadi wazee, na sasa amehamishia godoro chumba cha watoto. "Shangazi shikamoo," anaandika, "nimfanyeje mwanamke mwoga asiyetaka mumewe apate starehe?"

Marahaba, mwanangu. Kurudi kutoka kazini ukakuta nyumba imenuna ni jambo linalochosha, na kwa hilo nakupa pole. Kwa mengine yote niko upande wa mkeo.

Tuanze na hiyo bastola. Ilitoka Marekani mwaka 1955, na huko wapo kweli wanaowinda nguruwe mwitu kwa bastola za aina hiyo. Lakini mwindaji wa bastola anatakiwa amsogelee mnyama karibu sana, na awe amefanya mazoezi ya muda mrefu, kwa kuwa mtutu ni mfupi na mkono ukitikisika kidogo tu risasi imekwenda kwingine. Teke lake si la mchezo. Na ile magnum .500 uliyoitaja pia baruani, kubwa kuliko hiyo, iliyotoka mwaka 2003, yenye mtutu mrefu inafika kilo 2 mkononi. Wenye leseni wanaoingia mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi hapa jirani Manyoni wanabeba raifo, bunduki ya kuegemeza begani.

Unasema utawinda "huko Chemba kwa rafiki". Swala wa Chemba si wa rafiki yako. Kibali cha silaha ni kitu kimoja na leseni ya uwindaji ni kitu kingine, na bila hiyo ya pili, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakuhesabu jangili hata kama bastola yako ina karatasi zote. Katika kurasa nne leseni hukuigusa.

Na kuna kilichonishtua zaidi. Barua yako haina mnyama. Nimeisoma mwanzo hadi mwisho nikimtafuta hata kanga mmoja, simwoni. Nimekutana na wawindaji, hawawezi kukaa dakika tano bila kukutajia nyayo, upepo na nyama iliyowaponyoka. Uwanja wa kulengea shabaha nao hukuutaja. Ulichokitaja kila ukurasa ni heshima. Ukurasa wa tatu umeandika: "Akijua kuna kitu ndani ya nyumba, atanisikia." Halafu chini yake, kama jambo dogo: "Meza nilipiga mara moja tu."

Mwanangu, bastola hiyo unamnunulia mkeo. Yeye amekwisha kulijua hilo, ndiyo maana analala mlangoni mwa wanawe. Mwanamke hahamishi godoro kwa sababu ya woga wa vitu vya dukani. Amekaa na wewe miaka kumi na tano, anaijua sura yako ukikasirika, na dalili ya mvua ni mawingu. Wewe unasema hakuheshimu. Mimi naona mtu aliyeita wazee badala ya kukuanika mtaani, na heshima zaidi ya hiyo utaipata wapi?

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mume ana akaunti yake, mke ana kikoba chake, simu zina namba za siri, na mambo mazito ya nyumba yanaamuliwa na video alizotazama mtu peke yake usiku wa manane. Zamani hata mbuzi hakuuzwa kabla mama wa nyumba hajajua. Leo silaha inataka kuingia uvunguni, na mwenye kitanda anaambiwa ni mwoga.

Halafu hizo milioni 6 unaziita "pesa zangu". Kwa maelezo yako mwenyewe, wewe ulikuwa ofisini na yeye ndiye aliyeshinda shambani na wavunaji. "Pesa zangu" kivipi?

Basi fanya hivi. Usipeleke maombi ya silaha popote, si serikali ya mtaa, si polisi. Waite tena wale wazee aliowaita mkeo, na safari hii uwasomee ukurasa wa tatu kwa sauti yako, wote wakisikia. Hasira hiyo ina watu wa kuishughulikia: ofisa ustawi wa jamii, au kiongozi wako wa dini ukimwamini zaidi. Shabaha ukiipenda kweli, itakusubiri.

Na wewe mama, kama gazeti hili limekufikia: hujakosea. Akikutishia, iwe kwa silaha au kwa mkono mtupu, usingoje kikao cha ukoo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, na watoto uende nao.

Mwanangu, nusu ya pesa za zabibu mkabidhi wiki hii, mkononi, bila hotuba. Na usimwulize atarudi lini chumbani.