Chumba cha rangi tulivu kisipooze: maswali na majibu

Sebule yangu ni krimu kuanzia ukuta hadi sofa. Nimeongeza mito sita na bado imepooza. Niongeze nini tena?

Usiongeze, punguza. Mito sita ya kitambaa kile kile, machoni ni mto mmoja. Penye rangi nyingi jicho hutenganisha vitu kwa rangi. Penye rangi moja hutegemea vivuli, na kitambaa laini kilichofumwa kwa kubana hakina kivuli cha kutosha. Bakisha mitatu na uibadilishe vitambaa: wa kitani chenye nyuzi zinazoonekana, wa sufu iliyofumwa nene, na wa mahameli. Karibu yake weka kitu kigumu chenye uso wake, mfano meza ya mbao ambayo mistari ya mti haijazikwa chini ya vanishi nzito, au chungu cha udongo kisichong'arishwa. Kisha kitu kimoja cha kung'aa, kioo au shaba, maana ukwaru hauonekani mpaka uwe na ulaini wa kulinganishwa nao.

Kabla ya kununua chochote, piga picha ya chumba kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kila kitu kimeyeyuka kuwa kijivu kimoja, tatizo si vitambaa peke yake: huna kitu cheusi wala cha kahawia iliyokolea. Fremu mbili za picha au miguu ya kiti iliyokoza rangi hutosha.

Mchana chumba kinapendeza, usiku kinakufa. Kwa nini?

Mchana mwanga unaingia kwa ubavu kupitia dirishani. Usiku umewasha taa moja katikati ya dari, nayo inafuta vivuli vyote. Tumia taa mbili au tatu za kimo tofauti, na mojawapo iwe sentimita 15 hadi 30 kutoka ukutani ili mwanga wake uuparaze ukuta. Balbu ziwe kati ya kelvini 2700 na 3000, yaani mwanga wa umanjano, na kwenye boksi tafuta Ra (kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi za vitu zilivyo) ya 90 au zaidi. Chini ya hapo krimu huelekea kuwa na ukijani na mbao hufifia. Ila mwanga wa kuparaza hauna siri: plasta iliyopigwa vibaya itaonekana kila bonde. Rekebisha plasta kwanza.

Nataka ukuta mmoja wa rangi ya chokaa, ule wenye mawingu mawingu. Ukuta una rangi ya maji ya kawaida. Naweza kupaka juu yake?

Moja kwa moja, hapana, na hapa ndipo wengi wanapotupa hela. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa na kugeuka kama jiwe ndani ya vitundu vya plasta. Rangi ya maji ya kisasa ni utando wa plastiki usio na vitundu, kwa hiyo chokaa hubaki juu juu, na baada ya muda hutoa unga au kubanduka.

Osha ukuta, uparuze kwa msasa namba 120, futa vumbi, kisha paka praima ya madini, yaani koti la kwanza la kushikia rangi, ile yenye chembe za mchanga laini. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kama ukuta ni plasta tupu ya saruji au chokaa, praima si lazima, lakini ulowanishe kidogo kwanza. Plasta kavu hunyonya maji haraka mno na chokaa haipati nafasi ya kushika.

Tumia brashi pana ya sentimita 12 hadi 15, si rola. Rola hutandaza sawasawa, na mawingu unayoyataka hayatatokea. Paka makoti mawili membamba kwa mipigo ya brashi ya kukatizana kama herufi X, kipande cha takriban mita moja ya mraba kwa wakati, na uanze kipande kinachofuata ukingo wa kilichotangulia ukiwa bado mbichi. Usisimame katikati ya ukuta kunywa chai: mstari wa pale uliposimama hautafutika. Ukuta mrefu unataka watu wawili.

Ikiwa mbichi rangi hii huonekana imekolea na ikikauka hufifia sana, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kona na usubiri hadi kesho ndipo uamue. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza ngozi na macho. Pia usiipake panaporukiwa na maji.

Zulia la juti au la sufu?

Juti kwa ukwaru, sufu kwa miguu. Juti haipendi maji; tone likikaa huacha doa la kahawia, kwa hiyo liepushe na meza ya chakula. Ukiweza, tandika juti kubwa chini na sufu ndogo juu yake, na miguu ya mbele ya sofa ikanyage zulia. Sufu mpya humwaga nyuzi miezi ya mwanzo, si kasoro. Uzi ukichomoza ukate kwa mkasi, usiuvute.

Mapazia ya kitani yananipa taabu: yanaonekana membamba na pindo limekwenda upande.

Upana wa kitambaa uwe mara 2 hadi 2.5 ya urefu wa fimbo, la sivyo hakuna marinda. Kitani hunywea, kwa hiyo kifue kabla ya kukata. Halafu hurefuka kwa uzito wake kikining'inia: kitundike na pindo la kubana kwa pini, subiri siku chache, ndipo ushone.

Nina paka. Sofa la kitambaa cha vitanzi linafaa?

Halifai. Kucha hunasa kitanzi na kuvuta uzi mzima. Chukua mahameli yenye manyoya mafupi yaliyobana, na ukwaru uuweke kwenye kapu na ukutani asikofika.