Mchokozi na mvamizi: je, ni yule yule?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tulikuwa tukibishana juu ya vita vya Ukraine. Nikasema, "Sababu ya uchokozi wa Urusi ni kutaka ardhi." Mwenzangu akanirudi: mchokozi ni NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi; Urusi imejibu tu. Je, nilikosea neno?

JIBU: Marahaba. Ubishi wenu nusu ni siasa, na hiyo siwezi kuwamalizia. Nusu ya pili imeletwa na neno "uchokozi".

Mtoto anayemfinya mwenzake chini ya dawati ni mchokozi. Anayerushia mzinga jiwe amechokoza nyuki. Kuchokoza ni kumtia mtu hasira mpaka ainuke, na ndiyo maana mchokozi na mpigaji huweza kuwa watu wawili: "Alimchokoza, akapigwa." Mwenzako ameuona mwanya huo akapenya.

Wewe, bila shaka, ulikuwa na maana ya kisheria. Azimio namba 3314 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1974, linalieleza kosa ambalo kwa Kiswahili mara nyingi huitwa uchokozi: dola kutumia silaha dhidi ya mamlaka, mipaka au uhuru wa kisiasa wa dola nyingine. Linaongeza kwamba hakuna hoja ya kisiasa, kiuchumi wala kijeshi inayoweza kulihalalisha. Kwa maana hiyo, kuudhiwa na jirani si utetezi. Basi neno moja lina maana mbili, na kila mmoja wenu alishika yake.

Mimi ningesema "uvamizi". Kuvamia hakuulizi nani alianza kuudhi. Huuliza nani aliingia kwa nguvu. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine kutoka kaskazini, mashariki na kusini, na hilo hata anayeilaumu NATO halikani. Vladimir Putin aliliita "operesheni maalumu ya kijeshi". Ukilazimika kutumia jina hilo, litie alama za mtajo, la sivyo litageuka kuwa lako.

Ndivyo ilivyo pia kwa "sababu", neno ambalo halikukusumbua ingawa ndilo lenye hatari zaidi. Ukisema "sababu ya vita ni NATO", umeshahukumu. Kwamba mwaka 2008, kwenye mkutano wa Bucharest, NATO ilitangaza kuwa Ukraine na Georgia zitakuja kuwa wanachama wake, hilo ni tukio. Kwamba ndilo lililoleta vita ni hoja, na hoja ina mwenyewe: andika "sababu iliyotolewa na Urusi", au "madai ya Urusi".

"Kisingizio" kinakwenda mbali zaidi. Kinatokana na kusingizia, yaani kumbandika mtu jambo lisilo lake, kwa hiyo anayekitumia anasema kuna uongo, na lazima aonyeshe uko wapi. Urusi ilidai inakwenda kuondoa Unazi katika nchi ambayo rais wake, Volodymyr Zelensky, ni Myahudi. Hapo atakayeandika kisingizio sitampinga. Kuhusu NATO ningesita kidogo, maana hofu huweza kuwa ya kweli na bado mtu akaigeuza kisingizio.

Hicho ulichokuwa ukikitafuta ni "nia". Nyerere, alipotangaza vita dhidi ya Amin mwaka 1978, alitaja uwezo, sababu na nia kama vitu vitatu mbalimbali, na nadhani sikio lake lilikuwa zuri kuliko la wengi wetu. Sababu husemwa hadharani. Nia hukaa moyoni, na wa nje huipima kwa ishara. Wanaosema Putin alitaka ardhi hunyooshea kidole Crimea, rasi ya Ukraine aliyoitwaa mwaka 2014, na makala yake ya Julai 2021 iliyodai kuwa Warusi na Waukraine ni watu wamoja. (Tafadhali msiandike "motisha ya Urusi". Motisha ni kitu anachopewa mfanyakazi ili ajitume.)

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Nadhani nia ya Urusi kuivamia Ukraine ni kutwaa ardhi." Ya mwenzako nayo iwe: "NATO iliichokoza Urusi, nayo Urusi ikaivamia Ukraine." Kiswahili chake hakina kosa. Mwombe tu aisome tena kwa sauti, atazame aliyechokoza ni nani na aliyevamiwa ni nani.