Jogoo aliyetoka kupigana: ya kufanya usiku wa kwanza na siku zinazofuata

Ukifuga kuchi, wale kuku warefu wenye asili ya kupigana, siku ya ugomvi itafika tu. Watu wa Pwani, Unguja na Kanda ya Ziwa wanawapenda kwa urefu wao, mwili wao na bei yao, lakini majogoo wawili waliokomaa wakikutana pasipo uzio hawaachani mpaka mmoja azidiwe. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kwa sababu naona majogoo wengi wazuri wakifa baada ya ugomvi kwisha, tena kwa mambo yanayozuilika. Mfugaji mgeni huona damu kichwani, akashughulika na upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, peke yake. Upanga unavuja sana lakini hauui kirahisi. Kinachoua ni kitobo kisichoonekana chini ya manyoya, kiu, nzi, na kuku wenzake wanaomdonoa akiwa hoi.

Katika kuwaachanisha, usiingize mikono katikati yao. Kipi, ule mwiba wa mguuni, kinaweza kutoboa kiganja. Mfunike mmoja kwa gunia au ndoo. Asipoona anatulia, nawe utapata nafasi ya kumwondoa mwingine. Ukichomwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie sindano ya pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kinyesi, na banda lina vyote viwili.

Mtenge majeruhi papo hapo. Kuku hawana huruma na mwenzao anayevuja damu. Hata majike aliokuwa akiwaitia punje asubuhi watamdonoa jioni. Mweke kwenye tenga au boksi lililotandikwa kitambaa safi, mahali pakavu, penye giza kidogo na pasipo kelele. Maranda yasubiri, maana vumbi lake linanata kwenye vidonda vibichi. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, na aliyepoteza damu anapoa haraka. Shika miguu yake: ikiwa ya baridi, weka pembeni yake chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, na umwachie nafasi ya kusogea mbali nayo akiona joto limezidi. Usimwogeshe. Manyoya yakilowa atapoa zaidi.

Damu ya upanga au ya mwiba uliovunjika ibonyeze kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi, bila kufunua kila mara kuchungulia. Isipokoma, paka unga wa ngano au wanga wa mahindi kisha ubonyeze tena. Unga huo ni wa hapo juu juu tu, usiuingize kwenye shimo la jeraha.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe, ambayo wengi huiruka. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mtu mmoja amshike jogoo mapajani, mabawa yakiwa yamebanwa vizuri. Wewe pitisha vidole kinyume na ulalo wa manyoya, huku ukipuliza ili ngozi ionekane. Anza nyuma ya kichwa, shuka shingoni, pande zote mbili za kidari, chini ya kila bawa, mapajani, umalizie karibu na mkia. Unyoya ulioshikana na mwenzake kwa damu kavu ndio unaokuonyesha mahali. Ulowanishe kwa yale maji, uupunguze kwa mkasi, uangalie chini yake. Mdomo wa kitobo unaweza kuwa mdogo kama punje ya mtama, lakini ndani kikaenda mbali, maana mwiba umeingia wote.

Kitobo cha kawaida kioshe kwa maji ya chumvi ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano, mpaka maji yatoke safi. Kisha tia iodini iliyozimuliwa ikawa na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Usizibe mdomo wake. Kiache kipone kuanzia ndani. Lakini ukiona mapovu yanatoka kila anapopumua, usimwagie maji kabisa. Kuku ana vifuko vya hewa vilivyosambaa kutoka kifuani hadi tumboni, na huenda kimojawapo kimetobolewa. Dalili nyingine ni ngozi kuvimba ikawa na hewa chini yake, ukiibonyeza unaisikia ikichakacha. Huyo, na yule ambaye maji aliyokunywa yanachuruzika kifuani kwa sababu gole, kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, limepasuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Utashauriwa mengi na majirani. Mafuta ya taa, oili chafu na spiriti vinaunguza nyama hai, tena jogoo atavimeza akijichambua manyoya. Majivu yanafungia uchafu ndani. Asali inafaa kweli kwenye kidonda kilichosafishwa, ila italeta sisimizi, kwa hiyo miguu ya meza ya boksi isimame kwenye makopo ya maji. Dawa ya bluu ya kupuliza kutoka duka la mifugo inasaidia pia kuficha wekundu unaowavutia kuku wengine. Iepushe na macho. Jicho lililovimba likafumba lisafishe kwa maji yale yale ya chumvi kwa pamba safi, pamba mpya kwa kila jicho, kisha tia marhamu ya macho ya tetrasaiklini. Usilifumbue kwa nguvu.

Maji ya kunywa ni muhimu kuliko chakula usiku ule. Dawa ya chumvi na sukari ya wagonjwa wa kuharisha inafaa. Usimfungue mdomo ukamimina, kwa sababu tundu la kupumulia liko nyuma kidogo ya ulimi na maji yataingia mapafuni. Chovya ncha ya mdomo wake, au dondoshea matone pembeni ya mdomo usubiri ameze mwenyewe. Asubuhi mpe chakula laini: pumba iliyolowekwa, wali, yai la kuchemsha lililopondwa. Jioni papasa gole. Likiwa na kitu, anakula. Likiwa tupu na kinyesi ni cha kijani, hajala, na hapo usisubiri siku nyingine.

Hapo hapo kuna mtego. Kinyesi cha kijani na shingo iliyopinda vinaweza kutokana na njaa na kipigo cha kichwa, lakini pia ndizo dalili za mdondo (kideri). Kama hujawachanja kwa I-2, chanjo ya mdondo, tone moja la jicho kila miezi 3, au ukiona na kuku mwingine amezubaa, chukulia kwamba ni mdondo: mhudumie majeruhi mwisho, nawa mikono, na umwite afisa mifugo wa kata.

Nzi ndio adui wa siku ya pili. Mayai yao hupasuka ndani ya muda usiofika siku nzima kwenye joto letu, na funza huanzia mahali pa siri, hasa chini ya bawa na kwenye mkia uliochafuka. Funika boksi kwa kipande cha chandarua kikuukuu tangu saa ya kwanza, na kila asubuhi mnuse jogoo kabla hujamwangalia. Harufu itakufikia kabla hujaona kitu.

Baada ya siku chache utakutana na uvimbe mgumu. Usaha wa kuku haumiminiki kama wa mbuzi, unaganda, kwa hiyo kukamua hakusaidii na kunaumiza. Uvimbe wa namna hiyo hupasuliwa na daktari. Antibayotiki nayo uipate kwa ushauri wake, umalize siku zote zilizoandikwa, na nyama isiliwe mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa uishe. Magamba ya vidonda usiyabandue.

Mtu akikuomba umponyeshe jogoo wake haraka ili amrudishe kupiganishwa kwa pesa, mtibu jogoo, lakini mwambie wazi kwamba humtibii kwa ajili hiyo. Mnyama aliyeokolewa kwa shida namna hii hastahili kurudishwa kwenye mateso.

Kumrudisha kwa majike kunahitaji subira. Kuku hutambuana kwa kichwa, na jogoo aliyebadilika upanga ni mgeni machoni pao, kwa hiyo aonane nao kwanza kupitia wavu. Kwa jogoo mwenzake, usimrudishe kabisa. Jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10. Wa pili muuze au mjengee banda lake. Kati ya mabanda hayo weka ukuta wa matete, mabati au turubai unaopita urefu wa vichwa vyao, kwa sababu wakionana kupitia wavu mtupu wataupigania mchana kutwa, na utaanza tena kutibu vidole na midomo.