Maswali ya Wasomaji: Kuzungumza na Wenyeji Ugenini

SWALI: Kabla ya safari nilikariri sentensi 50. Nikiuliza naeleweka, lakini mwenyeji akijibu siambulii kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Umejifunza kuuliza, hukujifunza kusikia. Tena ukiuliza kwa ufasaha, mwenyeji hudhani lugha unaimudu, naye hujibu kwa kasi yake ya kila siku. Uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa refu: ndiyo au hapana, namba, au upande. Badala ya "Nitafikaje stesheni?", onyesha barabara kwa kiganja, useme, "Stesheni, huku?" Akikujibu, rudia ulichosikia: "Kushoto, njia ya pili?" Usiiruke hatua hii, maana hapo ndipo atakusahihisha, kabla hujapotea.

Sentensi 15 zinatosha. Muda uliobaki upe namba, na usizikariri kwa mfuatano tu. Ukitajiwa 17 utaanza kuhesabu toka moja. Tafuta rekodi inayozitaja bila mpangilio, wewe uandike tarakimu. Kifaransa cha Ufaransa huwanasa wengi: 75 ni soixante-quinze, yaani "sitini na kumi na tano". Ukisikia soixante, usikimbilie kuandika 6. Ngoja neno liishe.

Kwa Kichina, mazoezi yaanze na toni. Mai ya sauti inayoshuka kisha kupanda ni kununua. Ya kushuka kwa mkato ni kuuza. Ukijifunza kwa maandishi yasiyo na alama za toni, huwezi kuzitofautisha.

Ishara nazo zichunguze mapema. Bulgaria, kutikisa kichwa huku na huku kwa desturi ni kukubali. Subiri neno lenyewe: da ni ndiyo, ne ni hapana.

SWALI: Nikianza kwa lugha yao, wananijibu kwa Kiingereza. Niache?

JIBU: Usiache. Mara nyingi si dharau, mtu ana foleni mbele yake. Mtafute aliyetulia, na sentensi yako ya kwanza baada ya salamu iwe "Najifunza, tafadhali sema polepole", kwa lugha yake. Salamu yenyewe usiiruke kamwe. Ufaransa, ukiingia dukani ukauliza bei bila kutanguliza bonjour, umeonekana huna adabu, hata kama matamshi yako hayana kasoro. Na mtu mzima usiyemjua mwite vous ("wewe" ya heshima), si tu ("wewe" ya watu waliozoeana), mpaka yeye mwenyewe akuruhusu.